Kujiandaa kwa Mtihani wa CCNA Ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega: Mwongozo Kamili

Matangazo mengi ya kazi za mtandao, yawe ya kampuni ya intaneti Kisumu, hospitali Kakamega au shamba la maua Naivasha, huulizia cheti cha kitaalamu juu ya diploma au digrii, na mara nyingi cheti hicho ni CCNA ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao. Unaweza kukipata bila kuhamia Nairobi. Cisco haidai digrii wala cheti kingine kabla yake. Inachodai ni kwamba uweze kuifuata pakiti moja, yaani kifurushi kimoja cha data, tangu inapotoka kwenye kompyuta hadi inapofika, na kila hatua useme imeshikwa na kifaa gani, kifaa hicho kimetazama jedwali gani, na kimeamua nini. Ukiweza hilo, maswali mengi ya mtihani yanakuwa ni hali tofauti za safari hiyohiyo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye pakiti na kurudi kwayo kila mara.

Amua ni mtihani upi

Wanaoanza hutaja mitihani mitatu. CCST Networking, ya Cisco pia, ni ya dakika 50 na inamfaa mtu ambaye hajawahi kugusa swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja. Network+ ya CompTIA, toleo N10-009 lililotoka Juni 2024, ina maswali yasiyozidi 90 ndani ya dakika 90; unapita kwa alama 720 kwenye kipimo cha 100 hadi 900, na haifungamani na vifaa vya kampuni moja. CCNA, mtihani nambari 200-301, ni ya dakika 120 na ndiyo nzito kuliko zote tatu.

Ushauri wangu: kama una miezi mitano ya kusoma kwa bidii, nenda moja kwa moja kwenye CCNA. Network+ inakufundisha kueleza mtandao. CCNA inakulazimisha pia kuujenga, na atakayekuajiri Kisumu au Eldoret atataka mtu wa kuujenga. Ukiona unalenga kazi za usaidizi wa kompyuta ofisini, ambako swichi ni sehemu ndogo tu ya siku yako, Network+ inatosha, na sehemu kubwa ya yanayofuata hapa itakufaa vilevile.

Pakua orodha rasmi ya mada kutoka tovuti ya Cisco na uichapishe. Toleo 1.1 lilianza kutumika Agosti 2024. Angalia ni toleo gani litakalotumika siku utakayofanya mtihani. Uzito wa mada katika toleo hilo ni huu: misingi ya mtandao asilimia 20, swichi na Wi-Fi asilimia 20, ruti (njia za pakiti) na muunganisho wa IP asilimia 25, huduma za IP asilimia 10, usalama asilimia 15, na otomatiki asilimia 10. Karatasi hiyo ndiyo mkataba wako. Kila mada utakayoimaliza iwekee alama, na usiiwekee alama kwa sababu tu umetazama video yake.

Pesa

Ada ni dola 300 kabla ya kodi. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola hiyo ni shilingi 39,000, yaani akiba ya 7,800 kila mwezi kwa miezi mitano, na bado hujahesabu kodi na nauli. Kwa kijana anayeendesha saiba Kondele au anayefanya kibarua cha kuvuta nyaya Nakuru, hizo ni pesa nyingi, kwa hiyo anza kuziweka siku ileile unayoanza kusoma. Malipo hufanywa kwa kadi kwenye tovuti ya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani huo. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay, inayofunguliwa kwenye simu.

Kuna njia ya kupunguza gharama. Ukisoma kozi tatu za CCNA kupitia chuo kilicho kwenye mpango wa Cisco Networking Academy na ukafanya vizuri mtihani wa mwisho, unaweza kustahili vocha ya punguzo. Vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi kadhaa nchini viko kwenye mpango huo. Kabla ya kujiunga, uliza idara ya kompyuta ya chuo kilicho karibu nawe swali hili moja: je, wanafunzi wenu waliomaliza kozi ya tatu walipata vocha? Jibu litakueleza mengi kuhusu jinsi kozi inavyoendeshwa pale.

Vifaa vya kusomea

Laptopu ya mitumba inatosha. Juu yake weka Packet Tracer, programu ya Cisco inayoigiza ruta (kifaa kinachounganisha mitandao), swichi, kompyuta na Wi-Fi. Ni ya bure: fungua akaunti Networking Academy, jiandikishe kwenye kozi fupi ya kuifahamu programu hiyo, kisha uipakue. Itakuomba uingie kwa akaunti yako. Fanya hivyo ukiwa na intaneti na uchague kubaki umeingia, ili siku bando ikiisha uendelee na maabara yako. Faili zake ni ndogo, kwa hiyo mnaweza kutumiana kwa WhatsApp, jambo litakalokuwa na faida kubwa baadaye.

Huhitaji kununua swichi halisi. Ukipata nafasi ya kugusa moja kazini au chuoni, iguse. Lakini usichelewe kuanza kwa kuisubiri.

Kwa mafundisho, chagua kozi moja kamili ya video na kitabu kimoja, basi. Video pakua palipo na Wi-Fi, kwa mfano chuoni, kisha utazame nyumbani. Kwa mahali patulivu, maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zina meza na kimya, vitu viwili ambavyo nyumba ya chumba kimoja haina. Ongeza daftari la mistari na programu ya kadi za marudio kama Anki, ambayo ni ya bure kwenye kompyuta na simu za Android. Namba za poti, umbali wa kiutawala wa kila itifaki (namba inayoonyesha ruta inaiamini ruti kiasi gani, ndogo ikishinda) na majina ya viwango vya Wi-Fi ni mambo ya kukariri. Yaingize kwenye kadi na uyapitie ndani ya matatu.

Pakiti moja kutoka Kisumu hadi Kakamega

Chukua chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu Kisumu na tawi Kakamega. Kompyuta ya karani wa Kisumu ina anwani 192.168.40.10 na maski ya /25, yaani biti 25 za kwanza za anwani ni za mtandao. Lango lake ni ruta ya Kisumu, 192.168.40.1. Seva iko Kakamega, 192.168.40.140, kwenye subneti (kipande cha mtandao) 192.168.40.128/26. Ruta mbili zimeunganishwa: upande wa Kisumu ni 192.168.40.225 na upande wa Kakamega ni 192.168.40.226. Karani anaandika `ping 192.168.40.140` ili kujaribu kama seva inajibu. Nini kinatokea?

Kompyuta inaanza na hesabu. Kwa maski yake ya /25, mtandao wake unaishia .127. Anwani .140 iko nje, kwa hiyo pakiti lazima ipitie kwenye lango. Ili kufika kwenye lango inahitaji anwani ya MAC ya ruta, ile ya kiolesura chenyewe cha kifaa, na haina. Inatuma swali la ARP kwa wote: nani mwenye 192.168.40.1? Swichi inapokea fremu hiyo (bahasha inayobeba ujumbe kwenye waya), inaandika kwenye jedwali lake kwamba MAC ya karani iko kwenye poti fulani, kisha inaisambaza kwenye poti zote za VLAN hiyo (mtandao pepe ndani ya swichi) isipokuwa ilikotoka. Ruta inajibu. Sasa kompyuta inaunda fremu ambayo anwani ya MAC inayolengwa ni ya ruta ya Kisumu, ilhali anwani ya IP inayolengwa ni ya seva ya Kakamega. Simama hapo hadi uielewe tofauti hiyo, kwa sababu maswali mengi hutegwa papo hapo.

Ruta inavua fremu, inapunguza TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupitia) kwa moja na kutazama jedwali la ruti. Inakuta 192.168.40.128/26 kupitia 192.168.40.226. Inaunda fremu mpya yenye MAC nyingine kabisa, lakini anwani za IP zimebaki zilezile, maana hapa hakuna NAT, yaani kubadilisha anwani za IP njiani. Ruta ya Kakamega inaona kwamba mtandao huo umeunganishwa kwake moja kwa moja, inauliza ARP yake, na kuifikisha pakiti kwa seva.

Kisha inakuja sehemu ambayo wanafunzi wengi husahau: jibu lazima lirudi. Ikiwa ruta ya Kakamega haina njia ya kuelekea 192.168.40.0/25, seva imepokea ombi na kulijibu, lakini karani anaona tu muda umeisha. Tiba ni `ip route 192.168.40.0 255.255.255.128 192.168.40.225` kwenye ruta ya Kakamega. Jenga mtandao huu kwenye Packet Tracer, uendeshe kwa hali ya uigaji ambapo unaisogeza pakiti hatua kwa hatua, kisha ufute ruti hiyo uone inakwama wapi. Ukiona ping ya kwanza imeshindwa na zinazofuata zimefaulu, usishtuke: ARP ilikuwa bado inatafuta jibu.

Eleza safari hii kwa sauti, bila kusoma popote, kwa mwenzako au kwa ukuta. Fanya hivyo tena utakapoongeza VLAN, tena utakapoongeza NAT, tena utakapoongeza orodha ya udhibiti wa ufikiaji, inayosema trafiki ipi ipite na ipi izuiwe. Mahali ulimi unapokwama ndipo pa kusomea usiku huo.

Ukitaka kuona jambo lilelile kwenye intaneti halisi, fungua dirisha la amri la Windows uandike `tracert` na jina la tovuti iliyoko Ulaya. Amri hiyo hutuma pakiti zenye TTL ya 1, kisha 2, kisha 3. Ruta inayoifikisha TTL kwenye sifuri kwa kawaida hurudisha ujumbe wa ICMP, na hivyo inajitambulisha. Utaona muda ukiruka kupita milisekunde 100 pakiti zinapovuka bahari. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Kenya ilizorota huku trafiki ikihamishiwa njia nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya ruti unayoisomea, kwa ukubwa wa bara zima.

Hesabu ya subneti, kila siku

Hakuna mada inayowaangusha watu bila sababu kama hii. Ni hesabu ya darasa la msingi inayohitaji mazoezi tu. Tenga dakika ishirini kila asubuhi kuanzia wiki ya pili hadi siku ya mtihani. Lengo ni kujibu ndani ya nusu dakika.

Njia ninayoiamini ni ya ukubwa wa kitalu. Tuseme umepewa 172.16.77.200/20. Maski yake ni 255.255.240.0, kwa hiyo okteti (moja ya namba nne za anwani) inayotushughulisha ni ya tatu. Toa 240 kwenye 256, unapata 16. Hesabu kwa kumi na sita: 0, 16, 32, 48, 64, 80. Namba 77 iko kati ya 64 na 80. Basi mtandao ni 172.16.64.0, anwani ya matangazo ni 172.16.79.255, na kompyuta zinaweza kupewa kuanzia 172.16.64.1 hadi 172.16.79.254, jumla anwani 4,094. Huhitaji kuandika biti zote 32 kila mara, ingawa wiki ya kwanza uziandike, ili ujue ile 240 imetoka wapi.

Kugawa mtandao kwa mahitaji tofauti ndiyo hatua inayofuata. Chama chetu kina 192.168.40.0/24 peke yake. Kisumu wanahitaji anwani 100, Kakamega 50, Busia 25, na viungo viwili vya ruta kwa ruta vinahitaji mbilimbili. Anza na mkubwa, kila mara. Kisumu inachukua /25, kuanzia .0 hadi .127. Kakamega inachukua /26, kuanzia .128 hadi .191. Busia inachukua /27, kuanzia .192 hadi .223. Kiungo cha kwanza ni /30 kuanzia .224 hadi .227, cha pili kuanzia .228 hadi .231. Zilizobaki, .232 hadi .255, ni akiba ya tawi lijalo. Ukianza na wadogo, vitalu vikubwa vitakosa mahali pa kuanzia.

Jitungie maswali kama haya kwa mashirika unayoyajua: shule uliyosoma, zahanati ya mtaani, kiwanda cha chai Kericho. Andika kwa kalamu, bila kikokotoo, kwa sababu mtihani haukupi kikokotoo.

Maabara

Kwa kila saa moja ya video, weka saa moja na nusu ya kuandika amri. Najua inachosha, hasa jioni baada ya kazi. Lakini mtihani una maswali ya maabara ambapo unapewa vifaa na kuambiwa usanidi, na mkono ambao haujazoea amri hutumia dakika kumi kwa kazi ya dakika tatu.

Maabara ya kwanza ya maana ni ya shule. Chora shule ya sekondari Vihiga yenye swichi moja na ruta moja. VLAN 10 ni ya walimu, VLAN 20 ni ya wanafunzi, kila moja na subneti yake. Kwenye swichi andika `vlan 10`, kisha `name WALIMU`; ingia kwenye poti kwa `interface range fa0/1-10`, andika `switchport mode access` na `switchport access vlan 10`. Rudia kwa VLAN 20 kwenye poti nyingine. Poti inayoelekea kwenye ruta ifanye tranki, yaani ibebe VLAN zote, kwa `switchport mode trunk`. Kwenye ruta, washa kiolesura kikuu kwa `no shutdown`, halafu unda kiolesura kidogo kwa `interface g0/0.10`, `encapsulation dot1Q 10`, na `ip address 192.168.10.1 255.255.255.0`. Fanya hivyo kwa 20. Mwalimu sasa anaweza kumfikia mwanafunzi, na pakiti yao imepita kwenye waya uleule mara mbili, ikiwa na lebo ya VLAN tofauti kila upande. Ieleze safari hiyo kwa sauti.

Halafu thibitisha. Amri za `show` ndizo macho yako: `show vlan brief`, `show interfaces trunk`, `show mac address-table`, `show ip interface brief`, `show ip route`, `show ip ospf neighbor`. Mtihani hupenda kukuonyesha matokeo ya amri hizi na kukuuliza tatizo liko wapi, kwa hiyo zoea kuzisoma mstari kwa mstari hata mtandao wako unapofanya kazi vizuri.

Zoezi lenye faida kuliko yote ni la kuharibiana. Tafuta mwenzako mmoja anayejiandaa kwa mtihani huohuo, hata kama yeye yuko Nakuru na wewe uko Bungoma. Kila Ijumaa mmoja anajenga mtandao unaofanya kazi, anaharibu vitu vitatu kimyakimya, na kumtumia mwenzake faili. Aliyepokea anapewa robo saa. Haribu mambo yanayotokea kweli: VLAN isiyoruhusiwa kwenye tranki, lango lisilo sahihi, eneo la OSPF (itifaki ya ruta kuambiana njia) lisilolingana, muda wa salamu za OSPF uliobadilishwa upande mmoja, kiolesura kilichozimwa, orodha ya ufikiaji iliyosahau kwamba mwisho wake kuna katazo lisiloonekana. Mkimaliza, pigianeni simu na mweleze mlivyofikiri.

Miezi mitano

Mpango huu ni wa mtu anayefanya kazi na ana saa nane hadi kumi kwa wiki. Mwezi wa kwanza: modeli za OSI na TCP/IP, Ethernet, ARP, IPv4 na kuanza subneti. Mwezi wa pili: VLAN, tranki, STP (inayozuia pakiti kuzunguka bila mwisho kati ya swichi) na kuunganisha nyaya kadhaa kuwa kiungo kimoja. Wa tatu ni wa ruti: ruti tuli, OSPF ya eneo moja na IPv6, huu usiubane, maana ndio wenye uzito mkubwa zaidi kwenye karatasi. Wa nne ni huduma, usalama na Wi-Fi. Wa tano ni otomatiki, kisha marudio.

Ndani ya miezi hiyo kuna mahali ambapo watu hupita haraka kuliko inavyofaa.

Uchaguzi wa ruti ni mahali pa kwanza. Wengi hukariri kwamba ruti tuli ina umbali wa kiutawala wa 1 na OSPF 110, kisha wanahitimisha kuwa ruti tuli hushinda daima. Ruta huangalia kwanza ni ruti ipi inayolingana na anwani kwa kiambishi (sehemu ya mtandao) kirefu zaidi. Ikiwa na ruti tuli ya 10.0.0.0/8 na ruti ya OSPF ya 10.1.0.0/16, pakiti ya 10.1.5.5 itafuata OSPF. Umbali wa kiutawala huamua pale tu mtandao ni uleule na urefu wa kiambishi ni uleule.

STP ni mahali pa pili. Swichi zote za Cisco huanza na kipaumbele cha 32768, na kinachoonekana kwenye VLAN 10 ni 32778 kwa sababu namba ya VLAN hujumlishwa. Kipaumbele kikilingana, mwenye MAC ndogo anakuwa mzizi, swichi ambayo njia za nyingine zote huelekea kwake, na mara nyingi hiyo ndiyo swichi kuukuu kuliko zote. Shule iliyonunua swichi ya mitumba na kuichomeka bila kusanidi inaweza kujikuta trafiki yake yote ikizungukia kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote. Jifunze kumchagua mzizi mwenyewe.

OSPF nayo ina mtego wa gharama, namba inayotumia kulinganisha njia: kwa chaguomsingi kipimo chake ni Mbps 100, kwa hiyo kiungo cha Mbps 100 na cha Gbps 1 vyote vinapata gharama ya 1 hadi ubadilishe kipimo hicho.

IPv6 iandike kwa mkono hadi isikutishe: kufupisha sufuri, kutambua fe80 kuwa ya kiungo cha ndani, kutengeneza sehemu ya mwisho kutoka kwa MAC kwa kuingiza ff:fe katikati na kugeuza biti ya saba. Kwa Wi-Fi, jua kwa nini masafa ya GHz 2.4 hutumia chaneli 1, 6 na 11, kisha angalia kwa simu yako ni ruta ngapi za Wi-Fi za mtaa wenu zimerundikana kwenye moja.

Otomatiki huogopesha bila sababu. Unatakiwa kusoma JSON (muundo wa kuandika data), kuelewa API ya REST (njia ya programu kuzungumza na programu nyingine), kujua zana za Ansible na Terraform zinafanya nini, na toleo 1.1 limeongeza akili mnemba kwa juujuu. Hizo ni alama za wiki mbili.

Maswali ya majaribio, na yale ya wizi

Anza mitihani ya majaribio mwezi wa tano, usianze mapema. Fanya mtihani mzima kwa dakika 120 bila kusimama. Kwa kila swali, hata ulilopata, andika kwenye daftari kwa nini majibu mengine si sahihi. Cisco haitangazi alama ya kupita, kwa hiyo jiwekee yako: asilimia 85 kwenye majaribio mawili ambayo hujawahi kuyaona. Ukifika hapo, lipia mtihani.

Kuna faili za PDF zinazozunguka kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp zikidaiwa kuwa maswali yenyewe ya mtihani. Zikatae. Kuzitumia ni kuvunja mkataba unaoukubali kabla ya mtihani, na Cisco inaweza kukufutia cheti na kukufungia. Zaidi ya hapo, utaajiriwa kisha hospitali ikose mtandao saa nane usiku, na wewe ndiye utakayeitwa. Wagonjwa na wauguzi waliokwama pale wanastahili mtu anayejua kazi.

Kuweka siku

Akaunti yako ibebe majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa au pasipoti. Wengi wetu tuna majina matatu, na chuoni tunatumia mawili au tunabadilisha mpangilio. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kulipa, na kama jina lako lina kiapostrofi kama Ang'awa au Achieng', hakikisha halikuharibika. Kurekebisha jina baada ya kuweka siku kunachukua muda.

Tafuta kwenye tovuti ya Pearson VUE vituo vilivyo karibu na tarehe zake. Ikilazimu kwenda Nairobi, fika siku iliyotangulia. Kutoka Kisumu ni safari ya usiku mzima kwa basi, na hakuna akili inayokokotoa subneti vizuri ikishuka stejini alfajiri bila usingizi. Mtu wa Nakuru ana kilomita kama 160 tu, lakini msongamano wa barabara ile unajulikana. Naye alale Nairobi akiweza.

Unaweza pia kufanyia mtihani nyumbani ukitazamwa kwa kamera. Ninaupendekeza kwa mwenye chumba chake, intaneti ya nyaya na umeme wa akiba tu. Mtu akiingia chumbani, ukitoka mbele ya kamera au ukisoma maswali kwa sauti, mtihani unaweza kusitishwa. Karatasi na kalamu haziruhusiwi. Unapewa ubao wa kuandikia kwenye skrini, hivyo fanya mazoezi ya subneti kwa kuchapa wiki mbili kabla. Chagua saa ya asubuhi: upande wa ziwa mvua kubwa hupenda kuja alasiri, nayo huja na kelele za mabati na stima kupotea. Mwambie jirani mapema, kwa heshima: "Mama, kesho kuanzia saa tatu hadi saa sita niko kwenye mtihani, naomba watoto wasibishe mlango." Simu yenye bando iwe akiba siku ya kujaribu mfumo tu; wakati wa mtihani iweke kando ya mlango, nje ya mikono yako.

Kwa mimi, kituo ni bora. Unapewa ubao wa kufutika na kalamu yake, na stima ikipotea wao ndio wenye tatizo.

Ndani ya chumba

Fika nusu saa kabla na ubebe vitambulisho viwili kama unavyo. Kabla ya swali la kwanza, andika ubaoni jedwali lako la maski: 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255, na chini yake ukubwa wa vitalu: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1.

Ukishajibu swali na kusonga mbele, huwezi kurudi. Kwa hiyo soma swali lote, angalia kama linataka jibu moja au mawili, amua, na uliache huko nyuma. Maswali ya kawaida yape kama dakika moja ili maabara zipate dakika kadhaa kila moja. Kwenye maabara, soma kila kazi uliyopewa, thibitisha kwa amri za `show`, na uhifadhi kwa `copy running-config startup-config` kabla ya kubofya kuendelea. Ukikwama kwenye swali lolote, rudi kwenye pakiti: iko kwenye kifaa gani, na kifaa hicho kitatazama jedwali gani sasa?

Ripoti ya matokeo huonyesha asilimia kwa kila kundi la mada. Ukipita, cheti ni halali kwa miaka mitatu. Unakihuisha kwa kufanya mtihani tena au kwa kukusanya pointi 30 za elimu endelevu. Usipopita, sheria ni kusubiri siku tano kabla ya kurudia, na ada inalipwa upya. Usirudie siku ya sita kwa hasira. Chukua makundi mawili yenye asilimia ya chini, jenga maabara mpya tano kwa kila moja, mpe mwenzako aziharibu, na uweke siku mpya pale utakapozitengeneza zote ndani ya robo saa.